Mfanyabiashara wa mazishi aliyevunja mwiko wa Bunge la California

*Frederick Madison Roberts alikula jasho la biashara ya mazishi na gazeti kabla ya kuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la jimbo hilo la Marekani. Alidumu miaka 16, akaangushwa na kijana wa miaka 27. Safari yake ina la kuwaambia wapiga kura wa popote pale ambapo wenye fedha huomba uongozi.*

KATIKA kampeni za mwaka 1918, wapiga kura wa eneo moja la jiji la Los Angeles waligawiwa kadi ambazo hazikuahidi barabara, shule wala nafuu ya kodi. Mgombea aliyezisambaza alikuwa na hoja moja tu: mpinzani wake ni mtu mweusi. Na hakutumia neno “mweusi”. Alitumia lile tusi ambalo Wamarekani wenye asili ya Afrika wamelibeba tangu enzi za utumwa.

Aliyetukanwa alikuwa Frederick Madison Roberts, mwenye umri wa miaka 39, mhariri wa gazeti na mshirika katika biashara ya mazishi ya familia yake. Wapiga kura wengi wa eneo lile walikuwa weupe. Kwa hesabu za siasa za wakati ule, kadi ile ilitosha kummaliza.

Haikummaliza. Kura zilipohesabiwa, Roberts alikuwa ameshinda. Mwaka uliofuata aliapishwa mjini Sacramento, makao makuu ya jimbo, katika baraza la chini lenye viti 80. Kabla yake, hakuna mtu mweusi aliyewahi kuchaguliwa kukalia hata kimoja kati ya viti hivyo.

Swali linalostahili kuulizwa hadi leo ni hili: nini kilimwezesha mtu wa jamii ndogo, iliyodharauliwa na kubanwa kila upande, kushinda uchaguzi ule na kuendelea kushinda kwa miaka 16? Jibu linaanzia kwenye kazi aliyokuwa akiifanya kabla hajagusa siasa.

Kitukuu cha Monticello

Roberts alizaliwa Septemba 14, 1879, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Ohio. Mama yake, Ellen Wayles Hemings, alikuwa binti wa Madison Hemings, seremala aliyezaliwa mtumwa katika shamba la Monticello, Virginia, mali ya Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani.

Mwaka 1873 Madison Hemings alilieleza gazeti moja la Ohio kwamba Jefferson ndiye baba yake, na kwamba mama yake alikuwa Sally Hemings, mtumwa wa nyumba ile ile. Wanahistoria wengi walimbeza kwa zaidi ya miaka 100. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 1998 viliuhusisha ukoo wa Jefferson na uzao wa mmoja wa watoto wa Sally, na mwaka 2000 taasisi inayotunza Monticello ikakiri kuwa kuna uwezekano mkubwa kwamba Jefferson ndiye aliyewazaa.

Kwa hiyo, mtu aliyetukanwa kwenye kadi za kampeni alikuwa kitukuu cha mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la Marekani, lile linalotangaza kuwa watu wote wameumbwa sawa. Mama wa babu yake alikuwa mtu aliyemilikiwa na mwandishi huyo huyo.

Familia ilihamia Los Angeles Roberts akiwa bado mtoto. Baba yake, Andrew Jackson Roberts, alianza na biashara ya kubeba mizigo, kisha akafungua nyumba ya kuandaa mazishi, ya kwanza kumilikiwa na mtu mweusi katika jiji hilo. Frederick akawa mweusi wa kwanza kuhitimu Sekondari ya Los Angeles. Alisoma Chuo Kikuu cha Southern California, akaendelea Chuo cha Colorado, kisha akajifunza taaluma ya kuhifadhi na kuandaa maiti.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Akiwa Colorado alichapisha gazeti lake na kufanya kazi katika ofisi ya serikali ya kaunti ya kukadiria kodi za mali. Baadaye alikwenda Mississippi kuwa mkuu wa shule mjini Mound Bayou, mji uliojengwa mwaka 1887 na watu waliotoka utumwani, ukaendeshwa na wao wenyewe. Huko aliona jambo ambalo Marekani nzima ilikuwa ikidai haliwezekani: weusi wakiwa mameya, wenye maduka, walimu na wenye mashamba ya pamba.

Biashara ambayo bosi mzungu hakuweza kuigusa

Alipotulia tena Los Angeles, mnamo mwaka 1912, Roberts alishika kazi mbili. Asubuhi alikuwa mhariri na mmiliki wa gazeti la *New Age*. Saa nyingine alikuwa sehemu ya kampuni ya baba yake ya mazishi.

Kazi hizo mbili hazikuwa na utajiri wa kutisha, ila zilikuwa na kitu adimu zaidi ya fedha. Wateja wake walikuwa watu wake mwenyewe.

Weusi wengi wa Los Angeles ya wakati ule walikuwa wapishi, watumishi wa majumbani, wabeba mizigo wa reli, wafagiaji na madereva. Mkate wao ulikuwa mikononi mwa mwajiri mweupe. Neno moja la kisiasa lisilompendeza mwajiri lingeweza kumfukuzisha mtu kazi kabla jua halijazama. Mwalimu, karani na mhudumu wa hoteli walijua mpaka wa ndimi zao.

Mwenye nyumba ya mazishi hakuwa na mwajiri wa namna hiyo. Wazungu wenye biashara kama yake hawakutaka maiti za weusi, na weusi nao walitaka wapendwa wao waoshwe, wavikwe na kusitiriwa na mikono inayowaheshimu. Ubaguzi uliokusudiwa kuwadhalilisha ukawaachia sekta moja yenye wateja wa uhakika.

> Ubaguzi uliokusudiwa kuwadhalilisha ukawaachia sekta moja yenye wateja wa uhakika.

Tena ni kazi inayomweka mtu karibu mno na jamii. Mwenye nyumba ya mazishi hugongewa mlango saa nane usiku. Huingia chumbani kwa marehemu, huiona hali halisi ya familia: godoro, jiko, deni la duka, watoto wanaobaki. Hukaa na mjane kupanga sanduku gani linamudika na malipo yagawanywe miezi mingapi. Humjua mchungaji wa kila kanisa na kiongozi wa kila chama cha kuzikana. Baada ya miaka kadhaa, hakuna ukoo asioufahamu, na hakuna ukoo usiomfahamu.

Ongeza gazeti juu ya hayo. Kwa mkono mmoja alizisikiliza familia siku ya msiba. Kwa mkono mwingine aliyaandika yanayozisumbua: polisi, shule, kazi, nyumba. Ndiyo maana alipoomba kura hakuhitaji kujitambulisha.

Jiji lenye jua na milango iliyofungwa

Los Angeles ilijitangaza kama nchi ya neema, na kwa weusi waliokimbia mauaji ya Kusini kweli ilikuwa afadhali. Sensa ya mwaka 1910 iliwahesabu 7,599. Mwaka 1920 walikuwa 15,579, na mwaka 1930 walifika 38,894. Hata hivyo hawakufika hata asilimia nne ya wakazi wa jiji.

Barabara ya Central Avenue ikawa moyo wa maisha yao. Hapo palikuwa na makanisa, maduka, kumbi za muziki na ofisi za magazeti, likiwamo *California Eagle* la Charlotta Bass, mwanamke aliyeogopwa na wabaguzi wengi kuliko wanaume wengi wa enzi yake.

Nje ya eneo hilo, hati za nyumba zilikuwa na masharti yaliyokataza kumuuzia mtu mweusi. Migahawa ilikataa kuwahudumia. Hata mali iliyokwisha kununuliwa haikuwa salama. Willa Bruce na mumewe Charles walinunua kiwanja cha ufukweni Manhattan Beach mwaka 1912 na kujenga mahali pa mapumziko kwa ajili ya weusi. Mwaka 1924 halmashauri ya mji iliamua kukitwaa, kwa madai ya kutaka kujenga bustani ya umma. Vizazi vya familia hiyo vilirudishiwa ardhi hiyo mwaka 2022.

Kisa hicho, ingawa kilitokea Roberts akiwa tayari mbunge, kinaonyesha kwa nini mfanyabiashara kama yeye alihitaji kuwamo bungeni. Mtu anaweza kufanya kazi usiku na mchana, akaweka akiba, akajenga, kisha karatasi moja iliyopigiwa kura na watu asiokaa nao meza moja ikamwondolea vyote. Biashara bila sheria ya kuilinda ilikuwa mali ya kuazima.

Kiti kimoja kati ya 80

Enzi hizo Bunge la California halikuwa ajira ya kudumu. Lilifanya mkutano wake wa kawaida mara moja kila baada ya miaka miwili, na posho yake haikutosha kumlisha mtu na familia yake. Ubunge wa muda wote ulikuja baada ya wapiga kura kubadili katiba ya jimbo mwaka 1966. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwa mbunge alihitaji shamba, ofisi ya uwakili au biashara inayoweza kwenda bila yeye akiwa Sacramento, zaidi ya kilomita 600 kutoka Los Angeles.

Kwa utaratibu huo, mlango wa Bunge ulikuwa wazi zaidi kwa wenye mali. Mpishi wa Central Avenue, hata angekuwa na akili kiasi gani, asingeweza kuacha kazi miezi kadhaa akatunge sheria. Mwenye nyumba ya mazishi na gazeti aliweza.

Roberts alikuwa Republican, kama walivyokuwa weusi wengi wa kizazi chake. Kwao hicho kilikuwa chama cha Abraham Lincoln, kilichovunja utumwa, huku Democratic ya majimbo ya Kusini ikiwa chama cha wale waliowanyang'anya weusi haki ya kupiga kura. Ndani ya Bunge hilo alisukuma marekebisho ya kuipa nguvu sheria ya haki za raia, ili mtu asikataliwe huduma mahali pa umma kwa sababu ya rangi yake.

Kwa miaka yote 16 alikuwa mweusi pekee katika Bunge hilo. Mtu mmoja kati ya 80 hawezi kupitisha muswada kwa kura yake. Anachoweza ni kushawishi, kubadilishana kura, kukaa kwenye kamati hadi mwisho wakati wengine wameondoka, na kufanya iwe aibu kusema mambo fulani yeye akiwa amekaa pale. Alidumu hadi akawa miongoni mwa wakongwe wa Bunge, na wenzake wakamwita hivyo.

Chuo kilichozaa washindi

Jambo linalotajwa zaidi katika urithi wake ni elimu. Mwaka wake wa kwanza bungeni, Roberts alikuwa mstari wa mbele kuunga mkono hatua ya kuigeuza shule ya ualimu ya jimbo, iliyokuwa Barabara ya Vermont, kuwa tawi la kusini la Chuo Kikuu cha California. Gavana William Stephens alisaini sheria hiyo Mei 23, 1919. Tawi hilo ndilo leo linaitwa UCLA, moja ya vyuo vikuu vya umma vinavyoheshimika zaidi duniani.

Hakulianzisha peke yake. Wapo wajumbe wa bodi ya chuo na wasomi waliolipigania kwa miaka. Lakini kwa mtoto wa Central Avenue, chuo cha umma kilichofikika kwa tramu kutoka nyumbani kilibadilisha hesabu yote ya maisha.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Ralph Bunche, yatima aliyelelewa na bibi yake jijini humo, aliyehitimu mwaka 1927 akiwa kinara wa darasa. Miaka kumi baadaye Bunche alikuwa London, akijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta kabla ya kufunga safari ya utafiti iliyomfikisha Kenya mwaka 1938. Mwaka 1950 alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani, mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Wengine waliopita hapo ni Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi katika mchezo wa besiboli ya ligi kuu mwaka 1947, na Tom Bradley, aliyekuwa meya wa Los Angeles kuanzia 1973 hadi 1993.

Na yupo mwingine. Mwaka 1931 alihitimu shahada ya uchumi kijana aliyezaliwa Shreveport, Louisiana. Jina lake Augustus Hawkins.

Mwaka 1934

Hawkins alitoka chuoni akakutana na Mdororo Mkuu wa uchumi. Kufikia mwaka 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi, na kwa weusi hali ilikuwa mbaya zaidi. Waliozoea kuajiriwa wa mwisho walikuwa wa kwanza kufukuzwa.

Mwaka 1934 mwandishi wa vitabu Upton Sinclair aligombea ugavana wa California kwa tiketi ya Democratic, akiahidi kuwapa wasio na kazi viwanda na mashamba yaliyolala, na pensheni kwa wazee maskini. Hawkins alijiunga na wimbi hilo na kugombea ubunge dhidi ya Roberts.

Mmoja alikuwa na miaka 55 na rekodi ya miaka 16. Mwingine alikuwa na 27 na hakuwa na rekodi yoyote. Sinclair alishindwa ugavana. Hawkins alishinda.

Mwaka huo huo mjini Chicago, Oscar De Priest, mkandarasi na mfanyabiashara wa nyumba, Republican mweusi aliyekuwa mbunge wa kitaifa, aliangushwa na Arthur Mitchell, mweusi wa Democratic. Wafanyabiashara wawili, miji miwili iliyo mbali, hukumu moja. Wapiga kura weusi walikuwa wanaanza kukihama chama cha Lincoln kwa sababu ya njaa.

> Mwanafunzi wa chuo alichokipigania Roberts ndiye aliyekuja kumtoa bungeni.

Pande mbili za hoja

Kuhusu Roberts, hoja zinagongana hadi leo, na kila upande una uzito wake.

Wanaomtetea wanasema uhuru wa kiuchumi ulimpa sauti ambayo mwajiriwa asingekuwa nayo. Aliingia mahali ambapo watu wake walijadiliwa bila kuwapo, akakaa huko miaka 16 bila kuondoka kwa aibu. Kama asingezoesha macho ya wapiga kura weupe kuona jina la mtu mweusi kwenye karatasi ya kura, Hawkins angeanzia wapi?

Wanaomkosoa wanasema mwenye biashara huiona dunia kwa jicho la mwenye biashara. Viongozi wa kizazi chake waliamini kuwa elimu, akiba, nyumba na heshima vingewatoa weusi gizani. Mtu anayelipwa mshahara wa wiki anahitaji pia sheria ya kazi, fidia, pensheni na msaada wa serikali mambo yanapoharibika. Uaminifu wa Roberts kwa chama chake, kwa hoja hii, ulizidi mahitaji ya waliomchagua.

Mimi naegemea upande wa wanaomtetea, ila siwezi kuipuuza hoja ya pili. Uhuru wa Roberts ulitoka kwa wateja wake. Wateja hao walipokosa hata senti ya kuzikia, biashara yake na siasa yake viliguswa pamoja, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kujua kuwa dawa ya zamani haifai tena. Alipaswa kuwasikia kwa kuwa yeye, kuliko mbunge yeyote wa California, alikuwa akiingia majumbani mwao.

Hawkins alikaa katika Bunge la jimbo hadi mwaka 1962, akaingia Bunge la Marekani mwaka 1963 na kustaafu mwaka 1991, akiwa mweusi wa kwanza kuiwakilisha California huko. Sheria ya mwaka 1978 inayoitaka serikali ya Marekani kulenga ajira kwa wote ina jina lake.

Roberts hakuacha siasa. Mwaka 1946 aligombea Bunge la Marekani dhidi ya Helen Gahagan Douglas, akashindwa. Julai 1952, muda mfupi baada ya kurejea kutoka mkutano mkuu wa Republican mjini Chicago, gari lake liligongwa karibu na nyumbani kwake. Alifariki dunia Julai 19. Los Angeles ina bustani ya umma yenye jina lake.

La kumuuliza mwenye fedha

Hapa kwetu Afrika Mashariki, kila msimu wa uchaguzi huleta wafanyabiashara wanaotaka ubunge, uwakilishi na udiwani. Wananchi hugawanyika. Wapo wanaosema tajiri hataiba kwa kuwa ameshiba. Wapo wanaosema tajiri haendi bungeni ila kuilinda mali yake. Pande zote mbili hubishana kuhusu ukubwa wa mfuko.

Maisha ya Frederick Roberts yanaonyesha kuwa ukubwa wa mfuko si kipimo. La msingi ni mfuko huo unajazwa na nani. Aliyetajirika kwa kuwahudumia wananchi wa kawaida, wakawa huru kumwacha siku akiwakosea adabu, ana mazoea ya kuwajibika kwao. Aliyetajirika kwa zabuni, vibali na fadhila za wakubwa anawajibika kwa wakubwa hao, hata akigawa kanga na jezi kila kijiji.

La pili ni anachojenga akishaingia. Sheria aliyoiunga mkono Roberts mwaka 1919 haikumletea yeye mteja hata mmoja. Iliwasomesha watoto wa watu, na mmoja wao akaja kumnyang'anya kiti. Kiongozi anayejenga shule bora akijua kuwa wahitimu wake watakuwa na akili ya kumhoji, na hata kumwondoa, huyo amejenga kwa ajili ya nchi.

La tatu linawahusu wapiga kura wenyewe. Watu wa Central Avenue walimheshimu mtu aliyewazikia wazazi wao na kuwapigania Sacramento. Heshima hiyo haikuwafunga mikono. Walipoona wanahitaji siasa nyingine, walimshukuru na kumchagua mwingine. Shukrani na kura ni vitu viwili tofauti, na jamii inayovitenganisha ndiyo inayopata viongozi wa kuifaa, mmoja baada ya mwingine.